Mahari Karibu na Dirisha

Makongeni, Thika. Jumapili, 1 Machi 1959

Nimenunua daftari hili niandike maneno ya msimu wa mvua. Mvua ikiisha, nayo yaishe.

Mimi ni Warigia, mke wa marehemu Ndung'u. Nilisoma mpaka darasa la nne, halafu Hali ya Hatari ikaingia na shule yetu ikafungwa. Ndung'u alirudi kutoka kizuizini na kikohozi. Alimwona binti yetu akikaa, hakumwona akitembea. Sasa mtoto anatembea na kuvunja vikombe. Anaitwa Waithira, jina la mama mkwe wangu, na huyo mama mkwe sisi sote tunamwita Cucu, yaani nyanya. Tunaishi chumba kimoja, watu watatu. Hakuna mahari pa kuficha daftari isipokuwa chini ya gunia la maharagwe. Na Cucu hajui kusoma, kwa hiyo namficha nani, sijui.

Jumatatu, 2 Machi

Lori la kahawa, linalotupeleka kupalilia, limejaa. Sikupata mahari pa kukaa, nimesimama kutoka Thika mpaka Ruiru. Mawingu tu.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua imeanza, na neno jingine limeanza.

Bwana Kagwe, msimamizi wa jumba la mikutano la Makongeni, alitangaza kwamba litafunguliwa darasa la kusoma la akina mama. Mwalimu hana. Akauliza kama yuko mwanamke anayeweza. Tulikuwa wanawake kama thelathini, kila mtu akaangalia miguu yake. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Wewe, mama Waithira? Umesoma darasa la ngapi?"

"La nne, bwana."

"La nne zima au nusu?"

"Zima, isipokuwa mtihani."

Wakacheka. Jirani yetu Nafuna, mtu wa Kimilili huko magharibi, ndiye aliyecheka zaidi, na ni rafiki yangu!

Kagwe hakucheka. Akasema, "Nimepewa ubao na chaki, vitabu sikupewa. Tafuta vitabu. Jumamosi ya mwisho ya Mei utafundisha mbele yangu na mbele ya hawa, saa nzima. Ukiweza, kazi ni yako. Ukishindwa, nitaomba mwalimu mwanamume."

Mwalimu mwanamume akija, waume hawataruhusu wake zao, na darasa litakufa kabla ya kuzaliwa. Kila mmoja wetu pale alijua hivyo. Nami nikipata kazi hii sitapanda lori tena. Nitamlea mtoto wangu nikiwa na chaki mkononi, si jembe.

Nilimwambia Cucu. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa. "Vitabu havipaliliwi," akasema, "wala havivunwi."

Alhamisi, 19 Machi

Kahawa yote ya Ruiru imetoa maua. Mashamba meupe, harufu mpaka barabarani. Tulipalilia tukiwa tumelowa. Vitabu sijui nitoe wapi. Nairobi ukisimama mbele ya dirisha la duka la vitabu, askari anakuuliza pasi, kibali cha kutembea, kabla hujasoma jina la kitabu.

Jumapili, 29 Machi. Pasaka

Wiki hii nilipata barua kutoka kwa kaka yangu Wainaina, anayefanya kazi ya reli huko Moshi, Tanganyika. Mke wake Mwongeli amejifungua mapacha. Naombwa niende kusaidia. D.O. wa tarafa amekwisha kukubali, amenipa pasi ya wiki sita. Cucu amesema nenda, lakini amemshika mtoto jioni yote bila kumweka chini.

Alhamisi, 2 Aprili. Moshi

Tumefika. Nilidhani nchi ya ng'ambo itakuwa na udongo wa rangi nyingine. Udongo ni ule ule mwekundu, kahawa ni ile ile. Ila nilimwuliza Wainaina shamba hili ni la mzungu gani, akasema, "Si la mzungu. Ni la yule mzee unayemwona amevaa koti." Nikamtazama yule mzee mpaka akanisalimu.

Hapa hakuna aliyeniuliza pasi.

Jumanne, 7 Aprili

Mapacha wakilala mchana, Mwongeli ananiambia, "Wifi, toka kidogo upate hewa, unanifulia mpaka nguo ambazo sijavaa." Basi nimetoka na Waithira mgongoni, nimetafuta maduka ya vitabu.

Duka la kwanza ni la Mhindi mmoja karibu na soko. Niligusa kitabu kimoja. "Mama, soma kwa macho, si kwa vidole!" La pili lina kioo kikubwa na mama wa Kizungu. Niliuliza vitabu vya kufundishia kusoma kwa Kiswahili. Alitabasamu vizuri sana akanifungulia mlango wa kutokea.

Sikulia. Niliingia maduka mawili ya vitabu kwa siku moja, mimi Warigia wa lori la kahawa. Kesho kutwa nitaingia la tatu.

Alhamisi, 9 Aprili

La tatu ni la misheni. Ndani yuko kijana mrefu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Akasema, "Karipu, mama. Unatafuta kitapu?"

Nilidhani anamchekesha mtoto. Kumbe ndivyo anavyosema! Nikamwuliza, "Wewe ni mtu wa Kimilili?"

Akashtuka. "Umejuaje?"

"Nina jirani Thika anaitwa Nafuna. Anafua nguo kwa sapuni."

Akacheka mpaka akajishika mezani. Anaitwa Dismas Barasa. Amekaa hapa Moshi miaka minne. Muuza vitabu asiyeweza kusema kitabu! Nilimwambia shida yangu yote bila kukusudia: Kagwe, darasa, Jumamosi ya mwisho ya Mei, na kwamba sina uwezo wa kununua. Akatoa kitabu cha kwanza cha kusomea, chenye picha, akasema, "Kunakili si wizi. Maneno utakwenda nayo, karatasi itapaki hapa." Akaburuta sanduku la vitabu karibu na dirisha, akalipangusa vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe.

Sasa nina mahari yangu karibu na dirisha.

Jumanne, 14 Aprili

Kurasa tisa. Mvua kubwa.

Jumatatu, 20 Aprili

Kurasa ishirini na sita. Nanakili hata picha: kuku wangu anafanana na birika, Dismas amesema ni birika lenye mayai. Kila siku ana ndizi mbivu mezani, na kila siku anasema hapendi ndizi, apewe mtoto. Mtu asiyependa ndizi anazinunua za nini?

Mtoto ameokota neno. Akiona karatasi yoyote anapiga kelele: "Kitapu!"

Leo mteja mmoja alisema, "Bwana Dismas, hukutuambia una mke." Nilingoja Dismas akatae. Alikuwa anatafuta bei ya kitabu kwa bidii nyingi mno.

Jumatano, 22 Aprili

Nilipofika alikuwa ametoka, duka ameachiwa mzee wa kufagia. Sikuweza kungoja, mapacha wana homa. Nimemwachia Dismas karatasi mezani: "Bwana Dismas, kesho naja na mtoto. Naomba uniwekee mahari yangu karibu na dirisha, asichukue mtu mwingine. Warigia."

Alhamisi, 23 Aprili

Natamani ardhi ya Moshi ipasuke.

Nilimkuta amesimama mlangoni, amevaa tai. Hakunipa mkono. Akasema kwa sauti ya kanisani, "Mama Waithira, nimesoma parua yako. Ng'ombe nimetafuta, lakini karipu na dirisha hawaenei. Nikiwafunga nje ni vipaya?"

"Ng'ombe gani?"

"Nawe umesema asichukue mtu mwingine. Hapo nimekupali kapisa."

Nikadhani amelewa. Akaona sielewi, na uso wake ukabadilika, akawa mpole. Akachukua kamusi kubwa, akaifungua mbele yangu, akaweka vidole viwili juu ya ukurasa mmoja. Neno la juu: mahali, pahali pa kukaa au kuweka kitu. Neno la chini, hata si mbali: mahari, mali anayotoa mwanamume ili aoe.

Kwa hiyo nilimwandikia mwanamume, kwa mkono wangu na jina langu chini, aniwekee mahari.

Nimekimbia. Daftari la kunakili nimeliacha.

Jioni nimerudi nyuma katika daftari hili. Neno hilo nimeliandika hivyo mara nne. Sisi kwetu ulimi hautofautishi l na r, na mwalimu wetu naye alikuwa wa kwetu. Sitayafuta. Yakae hapo yanione.

Lakini si aibu ya mbele ya Dismas inayoniumiza. Ni ile nyingine. Nilitaka kuwafundisha wanawake wa Makongeni kusoma, na mimi mwenyewe sijui mahali. Kagwe aliuliza darasa la nne zima au nusu. Sasa jibu ninalo.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua. Sikwenda.

Jumamosi, 25 Aprili

Sikwenda. Mwongeli amesema, "Wifi, leo umeosha sufuria moja mara tatu. Imekukosea nini?" Nikamwambia yote. Alicheka mpaka pacha mmoja akaamka.

Jumatatu, 27 Aprili

Alikuja mwenyewe! Kwenye nyumba za reli, mvua inanyesha, mwavuli mmoja mkubwa wa misheni. Wainaina alikuwa nyumbani kwa sababu ya zamu. Alifungua mlango akamwona mtu na tai.

"Hodi. Mimi ni Barasa wa duka la vitapu."

Wainaina akaniangalia, akamwangalia, akaangalia nje. "Mbona umekuja peke yako? Ng'ombe wako nyuma?"

Mwongeli alikuwa amemwambia! Nilitaka kuingia chini ya blanketi, lakini kulikuwa na mapacha.

Dismas alikaa. Akatoa daftari langu la kunakili, kavu, limefungwa kwa gazeti. Akasema hakuja kwa mzaha, amekuja kuomba radhi, kisha akatueleza habari hii. Alipofika misheni mara ya kwanza, aliambiwa aongoze sala mbele ya watu wote. Akaanza kwa sauti kubwa: "Papa yetu uliye mbinguni." Padri akamsimamisha. "Papa yupi, Dismas? Yule wa Roma au yule samaki wa baharini?" Wiki nzima watu walimwita Samaki.

"Tangu siku ile," akasema, "kila neno naliuliza jina lake kapla ya kuliandika. Mdomo wangu ni wa Kimilili, hautapadilika. Lakini mkono wangu haukosei. Mama Waithira, mtu ambaye ulimi wake haukosei hajui herufi inakaa wapi, anapita tu. Anayekosea ndiye anayejua mlango ulipo. Hapo Makongeni kuna watu wa namna gani?"

Nikamwambia: sisi, na watu wa kwenu, na wachache wa Nyanza.

"Pasi kila mmoja ana samaki wake. Wafundishe samaki wao."

Nilikaa na maneno hayo. Halafu nikamwambia, "Sema kitabu."

"Kitapu."

"Ki-ta-bu. Funga midomo, halafu uifungue polepole."

Akafunga midomo. Akaniangalia. Alichukua muda mrefu sana kuifungua, mpaka Wainaina akakohoa.

"Kitabu," akasema Dismas.

Nami nikasema, "Mahali," na ulimi nikauweka nyuma ya meno vizuri, kama mtu anayeweka yai.

Alhamisi, 7 Mei

Kurasa hamsini na nne, nimemaliza. Kuanzia mwisho wa daftari tumeandika orodha yetu: mahali na mahari, kalamu na karamu, bata na pata, baba na papa. Mchana wote tulikuwa tunabishana na kucheka, na wateja wakacheka nasi.

Kesho napanda treni. Nilikwenda kuaga. Alisema, "Mahali pako karipu na dirisha sitampa mtu."

Sijui nani alinipa ulimi. Nikamwuliza, "Na lile neno la chini yake?"

Akaangalia kamusi, akanitazama. "Lile haliachwi mezani kwenye karatasi. Lile litakuja kwa posta."

Jumamosi, 9 Mei. Makongeni

Nimerudi. Cucu amekonda. Alimpokea mtoto mlangoni, na mtoto akaliona gazeti la kufungia sabuni, akapiga kelele: "Kitapu!"

Cucu akaganda. Akanigeukia polepole. "Hiyo si sauti ya Moshi. Hivyo anasema Nafuna. Huko Moshi kuna mwanamume wa Kimilili?"

Nikasema, "Cucu, nimechoka na safari."

"Sikuuliza kama umechoka."

Jumatatu, 11 Mei

Lori. Ruiru. Magugu yamefika magotini. Nimepalilia nikisoma orodha kichwani.

Jumapili, 24 Mei

Cucu alinikuta nimechora herufi kwa mkaa juu ya jiwe la kuotea moto. Hakusema neno juu ya mkaa. Akauliza hii iliyosimama ni nini. Nikamwambia ni l, kijiti. Na hii? Nikamwambia ni r, mche wa haragwe unaochomoza, kichwa bado kimeinama. Akaitazama kwa muda. "Kweli ni haragwe," akasema, akarudi kwenye sufuria yake. Lakini jiwe hakulifuta.

Jumamosi, 30 Mei

Naandika haraka kwa furaha.

Jumba lilijaa. Wanawake zaidi ya arobaini, mvua ya mwisho inagonga mabati, na Kagwe mbele kwenye kiti, miguu amekunja. Akaomba vitabu. Nikampa daftari langu.

"Kimoja? Tena cha mkono? Na hii ni nini, birika?"

"Ni kuku, bwana."

Wakaanza kucheka, na nilisikia moyo wangu ukiteleza. Nikachukua chaki kabla haujafika chini. Nikaandika ubaoni: Nipe kalamu. Chini yake: Nipe karamu. Nikasema, "Bwana Kagwe, wewe ndiye msomi wetu. Tusaidie kusoma la kwanza."

Akasimama, akavuta koti. "Nipe karamu."

"Asante. Na la pili?"

"Nipe karamu. Umeandika kitu kimoja mara mbili, mama."

"Hapana, bwana. La kwanza ukipewa, unaandika. La pili ukipewa, unashiba."

Nafuna akapaza sauti kutoka nyuma, "Pwana Kagwe ana njaa! Tumpikie!" Jumba likapasuka. Nilisema, "Nafuna usicheke, wewe ndiye unayefuata," nikaandika bata na pata, nikamsimamisha. Alisoma yote mawili pata. Awiti, mke wa fundi cherehani, akamwuliza, "Ukipata bata utasemaje?" Nafuna akajibu, "Nitamla kimya kimya!" Kila mtu alitaka kusimama. Kila mtu alitaka kuonyeshwa samaki wake. Niliwaeleza kijiti na mche wa haragwe, wakawa wanainamisha vichwa kama maharagwe, wanawake wazima.

Kagwe peke yake hakucheka. Alikuwa ameusogelea ubao, uso karibu kabisa, anaangalia. Nikaogopa. Nimemwaibisha mkubwa mbele ya watu, nikasema kimoyomoyo, imekwisha.

Akageuka. "Miaka miwili," akasema polepole, "namwandikia bwana D.C. wa wilaya anipe karamu kumi na mbili za jumba hili. Miaka miwili hajibu." Akaligusa neno la pili. "Sasa nimejua alidhani mimi ni mlafi."

Akacheka. Sijawahi kumwona Kagwe akicheka, ana pengo kubwa mbele. Alicheka mpaka akakalia meza, na jumba zima likacheka naye, hatukumcheka yeye. Aliponirudishia daftari alilishika kwa mikono miwili. "Jumatatu uanze, mwalimu."

Mwalimu.

Nilipotoka nilimwona Cucu nyuma kabisa, karibu na mlango, shuka kichwani. Sikujua kwamba amekuja. Hakunisifu. Alisema, "Jumatatu mtoto utakuja naye. Mimi nitakuwa darasani."

Jumatatu, 1 Juni

Lori lilipita. Sikulipanda.

Jumatano, 17 Juni

Wanawake thelathini na wanane. Cucu anakaa mbele na kuwanyamazisha wengine.

Jumapili, 28 Juni

Mvua imekwisha. Baridi imeingia, ukungu mpaka saa nne. Huko Ruiru wameanza kuchuma, naambiwa.

Posta imekuja kupitia kwa Wainaina. Barua ndani ya barua. Niliposhika bahasha Cucu alikuwa ameketi dirishani, kwenye dirisha letu moja, mtoto mapajani. Akanyoosha mkono.

"Nipe. Mwanafunzi asome."

"Cucu, ni ndefu."

"Nitasoma yale ninayoyaweza. Mengine utanisaidia."

Nikampa. Nilimsaidia na mengi. Dismas anasema misheni inataka mtu wa kuuza vitabu Thika na Ruiru, na yeye ameomba apewe kazi hiyo, na amepewa. Atafika mwezi wa saba na sanduku la vitabu vya darasa langu. Halafu Cucu akaninyamazisha kwa kidole, kwa sababu ameona neno analolijua.

"Na-ku-o-mba ma-ha..." Akaisogeza karatasi kwenye mwanga. "Kijiti. Ma-ha-li. Nakuomba mahali." Akapumzika. Akaendelea, kidole kinatambaa. "Ma-li... hapana, ngoja. Na... na-le-ta ma-ha..." Akasimama hapo. Mtoto akavuta kona ya barua akisema kitapu, kitapu.

"Hili la pili lina mche wa haragwe," Cucu akasema.

"Ndiyo, Cucu."

"Amekosea?"

"Hapana. Huyu anakosea kwa mdomo tu. Kwa mkono hakosei."

Aliangalia nje. Nilijua anamwona nani, kwa sababu nami nilikuwa namwona. Kisha akaikunja barua vizuri, akaiweka ndani ya shuka yake, si kwangu.

"Ni Mkatoliki?"

"Ndiyo, Cucu."

"Haidhuru, tutamzoea." Akajipangusa jicho kwa mgongo wa mkono. "Mwandikie aje. Na umwambie ng'ombe hatawapeleka kwingine. Atawaleta hapa, mlangoni pangu. Ndung'u amekufa, lakini wewe hukuacha kuwa binti yangu. Na huyu ana jina langu, haendi mbali."

Nikaingiza mkono chini ya gunia la maharagwe nitoe karatasi. Cucu akasema, "Kalamu iko juu ya kabati. Ka-la-mu," na akanitazama kuona kama nimesikia.

Nimemwandikia hivi: "Bwana Dismas, mahali papo, karibu na dirisha. Hilo neno jingine Cucu amelisoma mwenyewe, na amesema ndiyo. Nami nasema ndiyo. Warigia, mwalimu."

Nimeisoma tena, herufi moja moja. Sikukosea hata mahali pamoja.